Makofi Matatu kwa Jemima

Jemima aliingia Beni kwa miguu alfajiri ya Alhamisi, mwezi wa pili wa mwaka 2003, baada ya siku kumi na moja za msitu. Kabla ya adhuhuri Mwalimu Kanyere alikwisha kumhamisha. Hakumpa hata nafasi ya kumaliza uji kwa mama yake. Alimfunga kitenge chake mwenyewe cha Umoja wa Mama wa kanisa hadi kwenye nyusi, akamtwika karai la majani ya mihogo, akatembea naye katikati ya barabara ya Mulekera kama wanawake wawili wanaotoka shambani. Aliamini kwamba anayepita vichochoroni ndiye anayetazamwa.

Alimpeleka kwa Asma, mke wa Juma. Juma alikuwa na lori la Fuso lililobeba kahawa mpaka Kasindi, kwenye mpaka. Lori lingeondoka Jumatano alfajiri. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na parokia ya Anglikana ambayo Kanyere aliwahi kuandikiana nayo, na kasisi wake alikuwa tayari kumpokea msichana. Kutoka Alhamisi hadi Jumatano ni siku sita. Kanyere alizihesabu kwa vidole mbele ya Asma, kisha akazihesabu tena.

"Mwalimu, tulia," Asma alisema. "Nani atakuja kutafuta mutoto wa Anglikana kwa nyumba ya Baislamu? Nitamufunga kitambaa muzuri. Bakiuliza, ni shangazi ya Juma, ametoka Kisangani."

"Shangazi?" Jemima aliuliza. "Mi niko na miaka kumi na tisa."

"Ni shangazi mudogo. Babu ya Juma alikuwa na bibi wengi, hatujue hesabu."

Jemima alicheka. Kicheko kilitoka kifupi na kikavu, kama kitu ambacho hakikuwa kimetumika kwa muda mrefu, naye akaweka mkono mdomoni haraka. Kanyere alitazama pembeni.

Miezi kumi na tisa kabla ya siku hiyo, Jemima alikuwa ametoka Oicha sokoni na kikapu cha maharagwe. Askari walikuwa na kizuizi njiani. Komanda wao alimtazama, akasema kikapu kiende na msichana abaki. Tangu siku ile alikuwa akipika, akifua na kulala katika nyumba ya mtu yule, kambi baada ya kambi, kwenye njia ya Mambasa. Watu walimwita bibi ya komanda. Mapigano ya mwisho wa mwaka yalipovuruga kambi, alikimbia, akajificha vijijini wiki kadhaa kabla ya kushika njia ya msitu. Lakini askari walewale waliporudishwa nyuma walikuja kukaa Beni, na komanda akaja nao. Kambi yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kanisani. Alikuwa ametangaza mbele ya watu wake kwamba atampata mke wake hata akiwa chini ya meza ya Bwana.

Hayo yote Kanyere aliyajua. Alikuwa katibu wa parokia, na mwalimu wa darasa la sita aliyesomea chuo cha ualimu huko Butembo. Alipenda mambo yaliyopangwa. Kila Jumamosi alasiri aliketi katika bureau ya parokia, chumba kimoja cha mbao chenye bati linalolia jua likiwaka, akaandika utaratibu wa ibada kwa kalamu ya bluu: nyimbo, masomo, matangazo, ushuhuda. Asiyeandikwa hakusimama.

Jumamosi hiyo mama yake Jemima aliingia bila kubisha. Mama Élise alikuwa mwanamke mwembamba, mkulima wa mihogo, mjane. Alibeba jogoo mwekundu kwapani.

"Niandike," alisema.

"Ukae kwanza, Mama Élise."

"Sikai. Niandike kwa ushuhuda. Kesho ninaleta huyu jogoo kwa Mungu."

Kanyere aliweka kalamu chini. Alikuwa amelitarajia jambo hili, na alikuwa amejitayarishia jibu, lakini jibu lilionekana dogo mbele ya uso ule.

"Wiki inayokuja," alisema. "Jumatano atavuka. Siku ya Mungu inayofuata utaleta jogoo, utaleta na mbuzi ukitaka, tutaimba mpaka jioni."

"Mwalimu, nilimuomba Mungu miezi kumi na tisa. Kila siku ya Mungu nilisimama mbele ya batu, nikalia. Amenijibu juzi, siku ya ine. Halafu nimuambie nini? Ungoje kidogo, Bwana, niko na mambo?" Élise alimhamisha jogoo kwapa la pili. "Mutu akikupa mutoto wako, hata kama ni jirani, hautamuambia wasingya, asante, siku ileile?"

"Utamuambia. Lakini ndani ya nyumba."

"Nilimulilia kanisani. Nitamushukuru kanisani."

Kwa watu wa parokia hii, hilo halikuwa jambo la kubishana. Walikuwa watu wa uamsho. Neema iliyofichwa, kwao, ilikuwa karibu sawa na wizi. Na juu ya desturi hiyo ya zamani Kanyere mwenyewe alikuwa ameongeza mpya. Miaka miwili nyuma, wakimbizi walipojaa Beni, mume huku na watoto kule, alipendekeza kwamba kila anayeshukuru kwa ajili ya mtu aliyepatikana alitaje jina lake kwa sauti. Pasta angeuliza, "Tunamushukuru Mungu juu ya nani?" Jina lingetajwa, na kanisa zima lingelirudia pamoja na makofi matatu, ili kila aliye ndani na kila anayepita nje alisikie na kulipeleka mbele. Familia kumi na nne zilikutana kwa njia hiyo. Parokia nyingine ziliiga. Hata Wakatoliki wa jirani walituma mtu kuuliza jinsi ilivyofanywa.

Kanyere alifikiri. Angeweza kukataa. Lakini Élise angesimama bila kuandikwa, na mtu anayesimama bila kuandikwa husema lolote. Ilikuwa afadhali kumwongoza.

"Sikiliza," alisema. "Nitakuandika. Utaleta jogoo. Utasema tu hivi: Mungu amenijibu, jina lake lisifiwe. Halafu utakaa. Hapana sema jina. Hapana sema Oicha, hapana sema msitu."

"Na Pasta akiuliza?"

"Pasta hatauliza. Nitamuambia."

Élise aliwaza, kisha akakubali kwa kichwa. Alitazama kalamu ikiandika jina lake kwenye mstari wa saba, akatoka. Jioni hiyohiyo Kanyere alikwenda kwa Pasta Phinées, akamweleza neno kwa neno. Pasta alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha. Alisema ameelewa, hatauliza kitu. Kanyere alirudi nyumbani akiwa ameridhika.

Jumapili kanisa lilijaa. Askari watatu walikaa benchi la mwisho, kama walivyofanya mara nyingi. Bunduki zao waliziegemeza nje ukutani, mbele ya Mzee Mathe, mngoja mlango, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa sheria ya parokia na hata askari waliiheshimu. Kanyere aliwaona alipoingia. Alijiambia kwamba hata wao wana haki ya kusali. Pia alijiambia kwamba mstari wa saba hauna jina la mtu yeyote isipokuwa Élise.

Wimbo ulipokwisha, Pasta aliita ushuhuda. Élise alitembea kuelekea mbele na jogoo wake. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe ambayo hakuna aliyekuwa ameiona tangu kifo cha mumewe. Akasimama, akageuka.

"Mungu amenijibu," alisema. "Jina lake lisifiwe."

Akakaza midomo, akamkabidhi shemasi jogoo, akaanza kurudi mahali pake. Alikuwa ametimiza kila neno. Pasta Phinées alikohoa, akafungua kitabu cha nyimbo. Kanyere alipumua.

"Juu ya nani?"

Ilikuwa sauti ya bibi mmoja wa benchi la mbele, sauti ya furaha, kama mtu anayemkumbusha rafiki kitu alichosahau.

"Ee, Mama Élise! Juu ya nani?" wengine wakadakia.

Élise alisimama katikati ya njia. Alimtafuta Kanyere kwa macho, na Kanyere alikwisha kuinuka, mkono juu, akisema, "Bon, tuendelee, tuendelee na wimbo," lakini tayari wanawake walikuwa wakitazamana. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yake. Kwa miezi kumi na tisa Élise alikuwa ameomba kwa ajili ya mtu mmoja tu. Kanisa zima lilimlilia mtu huyo pamoja naye. Hakukuwa na haja ya kuambiwa.

"Jemima!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka kwenye kwaya. "Ni Jemima! Jemima amerudi!"

Basi ikawa kama paa limepasuka. Wanawake waliruka, wakapiga vigelegele, wakamkumbatia Élise mpaka akayumba. Mtu alipiga ngoma. Kisha kanisa zima, bila Pasta kuuliza, lilifanya kama Kanyere alivyolifundisha. "Jemima!" Kofi. "Jemima!" Kofi. "Jemima!" Kofi. Wapita njia walisimama nje kusikiliza. Élise alikuwa akilia na kucheka, na kwa dakika hiyo alikuwa amesahau, uso wake ulionyesha wazi kwamba amesahau, na Kanyere hakuweza kumchukia kwa hilo.

Alitazama benchi la mwisho. Askari walikuwa wawili.

Jumatatu hakikutokea kitu. Kanyere alifundisha sehemu za desimali darasani, na mara tatu alikosea ubaoni. Mchana alipita kwa Asma. Juma alikuwa Kasindi na lori. Angerudi Jumanne jioni, apakie, aondoke alfajiri. Hapakuwa na gari lingine ambalo dereva wake angeaminiwa. Kwenda Butembo kwa pikipiki kulimaanisha vizuizi vinne, na kwenye vizuizi vyote walisimama watu wa komanda.

"Tungoje tu," Asma alisema. Hakutania siku hiyo.

Jumanne, saa nne asubuhi, askari walimchukua Élise sokoni. Walimwacha atandaze kwanza mihogo yake kwenye gunia. Kisha wakamwambia asimame. Hawakumpiga. Mmoja hata alimsaidia kufunga gunia, akaliacha kwa muuza chumvi wa jirani.

Pasta Phinées na Kanyere walikwenda kambini pamoja, Pasta na kola yake ya ukasisi, Kanyere na muhuri wa parokia ndani ya mkoba. Kwenye mlango wa kambi, kamba ilifungwa kati ya miti miwili. Askari mwenye miwani ya jua aliwapokea kwa adabu.

"Mama mukubwa hana kosa," alisema. "Komanda anamutafuta bibi yake tu. Bibi akifika, mama anarudi kwake. Ni jambo ya familia, Pasta. Munapenda kuingia kwa mambo ya familia?"

"Hawakufunga ndoa," Kanyere alisema. "Mtu anayechukuliwa njiani si mke."

"Tika, mwalimu, achana na hayo." Askari alitabasamu. "Nanyi ndiyo mulipiga makofi, siyo? Mulimushukuru Mungu kwamba amemurudisha. Basi hata komanda anashukuru."

"Na asipofika?" Pasta aliuliza, akakohoa.

Askari alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Kesho asubuhi tunapanda Mambasa. Mama atabeba vitu ya jeshi. Njia ni mbaya. Na ule mama ni muzee kidogo."

Akavaa miwani tena. Walirudi kwa miguu. Njiani Pasta alisema ataandika barua kwa Askofu, na Kanyere akasema ndiyo, andika. Wote wawili walijua barua huchukua siku ngapi.

Alipofika kwa Asma, Kanyere alikuwa amekwisha kuamua. Alifasiri jambo hilo kama hesabu ya darasani. Ikiwa Jemima hatajua, atavuka kesho alfajiri. Ikiwa atajua, hatavuka. Élise mwenyewe angechagua nini? Kanyere alijua. Kila mama wa parokia alijua. Kwa hiyo atanyamaza, na atabeba kunyamaza huko maisha yake yote, na Jemima atakuwa hai upande wa pili.

Jemima alikuwa uani anamenya ndizi. Aliinua macho.

"Mama yangu iko wapi?"

"Iko shambani," Kanyere alisema.

"Leo ni siku ya soko."

"Alimaliza mapema."

Jemima aliendelea kumtazama. Kanyere alikuwa amewafundisha watoto miaka ishirini na miwili kwamba uongo huonekana kwenye shingo kabla ya kinywa. Alihisi shingo yake.

"Bamemushika," Jemima alisema. Halikuwa swali.

Asma alitoka jikoni. "Jemima, mutoto, ukae. Juma anafika jioni."

"Bamemushika lini?"

Jemima aliweka kisu chini kwa uangalifu, juu ya maganda. Alinawa mikono. Alifungua kitambaa cha Asma kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye kiti.

"Jemima, sikiliza," Kanyere alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikosa mpangilio. "Ukienda, hautatoka tena. Mama yako anajua. Anakubali. Alikuomba kwa Mungu ili uishi, hakukuomba ili urudi kule."

"Ninyi hamumujue ule mutu," Jemima alisema. "Mi najua anafanya nini na batu wazee njiani. Nimeona. Nilipika kwenye moto ileile." Alimgeukia Asma. "Asante kwa shangazi."

Asma alimshika mkono. Jemima aliutoa polepole, kidole baada ya kidole.

Kanyere alitembea naye. Alijiambia kwamba njiani angepata neno, kwamba kuna neno, lazima liwepo. Walipita mbele ya shule. Walipita mbele ya duka la sabuni. Waendesha pikipiki walipiga honi, mmoja akaita, "Mwalimu, nibabebe wote mbili?" na Kanyere akapunga mkono kukataa. Jua lilikuwa kali. Jemima alitembea haraka kuliko yeye. Kanyere alikuwa na nguvu, angeweza kumshika kiunoni na kuita watu. Watu wangekuja. Na Élise angepanda Mambasa kesho. Aliendelea kutembea.

Kwenye kamba, askari mwenye miwani aliwaona kwa mbali. Akapiga mluzi ndani.

"Yaka, kuja karibu, bibi ya komanda," alisema. "Yaka, tulikungojea."

"Mama atoke kwanza," Jemima alisema.

Walimtoa Élise. Alikuwa na vumbi usoni, blauzi yake ilikuwa imechanika begani. Alimwona binti yake, akapiga kelele moja, si neno. Jemima aliinama akapita chini ya kamba. Walipishana kwa hatua mbili hivi. Élise alinyoosha mikono, lakini askari alikuwa katikati, akamsukuma nje kwa kiganja, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango. Jemima hakugeuka. Alitembea kuelekea nyumba ya bati iliyo nyuma ya magari, na mtu akatoka mlangoni kumpokea, na wote wawili wakaingia.

Élise alijitupa kwenye kamba. Kanyere alimshika kwa nyuma. Alimshika kwa mikono yote miwili, kwa nguvu ambayo hakuitumia njiani, na Élise akapigana naye, akamkwaruza, akamwita kwa majina ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiyatamka. Hatimaye akaishiwa. Wakakaa chini kwenye vumbi mbele ya askari, wanawake wawili wa Umoja wa Mama.

"Mungu alinipa siku sita," Élise alisema.

Kanyere alimpangusa vumbi begani.

"Si sita. Tano na nusu. Na sikuwa naye. Alikuwa kwa Asma." Alifuta uso kwa kitenge. "Amekula leo?"

"Alikula bugali na sombe ya majani ya mihogo asubuhi," Kanyere alisema. "Alikula kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Kanyere alijaribu kukumbuka sahani. Hakuwa ameiona. Alifika tu, akadanganya, akatoka.

"Sijui," alisema.

Askari aliwaambia waondoke, kwa sababu magari yangetoka hapo kupakia. Waliinuka, wakashikana, wakaanza kurudi Mulekera kwa njia ileile.